Gita ya umeme na simu: namna ya kuchagua adapta bila kupoteza pesa

Gita ya umeme bila ampli ni kama redio bila batri. Nyuzi zinalia kidogo, lakini mtu aliye upande wa pili wa chumba hasikii kitu. Na ampli iko bei, iko nzito, na inataka umeme. Huku kwetu mashariki, kutoka Bunia hadi Kalemie, umeme unaweza kukatika siku nzima, na anayetumia jenereta anahesabu kila litre ya mafuta. Ndiyo maana wapiga gita wengi, wa orkestra na wa korali za kanisa, wanajiuliza kama simu ya mkononi inaweza kushika nafasi ya ampli.

Jibu ni ndiyo, kwa mazoezi na kwa kunasa wimbo. Lakini katikati ya gita na simu panahitajika kifaa kinachoitwa adapta. Katika soko kuko adapta za aina nyingi; kwa macho zinafanana, lakini kazi zake hazifanani. Kununua isiyofaa ni hasara ya pesa. Kuunganisha vibaya kunaweza hata kuua simu, na kwa wengi wetu simu ndiyo M-Pesa, ndiyo Airtel Money, ndiyo njia ya kuongea na familia iliyo mbali. Tueleze basi jambo hili hatua kwa hatua.

Kwa nini kigeuza jaki peke yake hakitoshi

Kabli ya gita inaishia na jaki kubwa, ile ya milimita 6.35. Simu yenye tundu la ekutere inapokea jaki ndogo ya milimita 3.5. Kwenye maduka kuko kipande kidogo cha chuma kinachogeuza jaki kubwa kuwa ndogo, na bei yake ni ndogo pia. Mtu anaona kinaingia vizuri, anafikiri kazi imeisha. Anapiga, simu haisikii kitu. Kuko sababu mbili.

Ya kwanza ni migusano. Tazama jaki ya ekutere zenye mikro: utaona mistari mitatu myeusi inayoigawanya sehemu nne. Sehemu ya kwanza ni sikio la kushoto, ya pili ni sikio la kulia, ya tatu ni waya wa ardhi, ya nne ni mikro. Jaki ya gita iko na mstari mmoja na sehemu mbili tu. Ukiiingiza kwa kigeuza cha kawaida, sauti ya gita inaenda kugonga pale simu inapotolea sauti, si pale inapopokelea. Simu inafikiri umeweka ekutere za kawaida, na inaendelea kutumia mikro yake ya ndani.

Ya pili ni nguvu ya sauti yenyewe. Chini ya nyuzi za gita ya umeme kuko vile tunaita mikro ya gita: sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara. Inatoa umeme mdogo sana, usiopenda kuvutwa. Ndiyo maana tundu la ampli limetengenezwa na upinzani mkubwa, karibu omu milioni moja. Tundu la mikro ya simu liko na omu elfu chache tu, wakati mwingine hata chini ya hapo. Ni kama kujaza ndoo iliyotoboka: maji yanaingia, lakini hayapandi. Sauti inatoka dhaifu na butu, kama gita imefunikwa na blanketi.

Adapta ya kweli inafanya kazi mbili hizo: inapeleka sauti kwenye mgusano unaofaa, na inailinda isivutwe na simu.

Aina za adapta

Aina ya kwanza ni ya jaki ndogo yenye sehemu nne. Upande mmoja inapokea kabli ya gita, upande mwingine ekutere, na mkia wake unaingia kwenye tundu la simu. Iliyojulisha watu aina hii ni iRig ya kampuni IK Multimedia ya Italia, iliyotoka mwaka 2010. Leo kuko nyingi zinazoiga. Faida yake ni bei ndogo na kutotumia batri ya simu sana. Ubaya wake ni kwamba ndani ya simu njia ya sauti inayoingia na ile inayotoka ziko karibu, na sauti inavuja kutoka moja hadi nyingine. Ukipiga sauti safi, hutaona shida kubwa. Ukiongeza disto, sauti inaanza kuzunguka na kupiga filimbi. Kwa mpiga seben mwenye sauti safi inaweza kutosha. Kwa mpiga roki itamchosha.

Aina ya pili ni adapta ya USB. Hii inageuza sauti ya gita kuwa hesabu za dijitali ndani yake yenyewe, kisha inazipeleka kwenye simu kwa tundu la kuchajia. Sauti ni safi zaidi na haivuji. Hapa angalia mambo mawili. Kwanza, iwe ni ile isiyohitaji draiva, kwa sababu simu haiwezi kuwekewa draiva kama kompyuta. Pili, iwe na tundu lake la ekutere. Kuko kabli za bei ndogo zenye jaki ya gita upande mmoja na USB upande mwingine, bila tundu la kusikilizia. Kama simu yako iko na tundu moja tu, na kabli imelijaza, utasikilizia wapi? Utabaki na spika ndogo ya simu.

Aina ya tatu ni pedali ya efekti yenye USB. Pedali inatengeneza sauti yenyewe, na simu inanasa tu. Iko bei kuliko zingine, lakini simu ikizimika unaendelea kupiga. Kabla ya kulipa, hakikisha kwamba USB ya pedali hiyo inapitisha sauti. Kwenye pedali zingine USB ni ya umeme tu, au ya kubadilisha mipangilio.

Kuko pia vifaa vya Bluetooth. Kwa kusikiliza muziki viko vizuri. Kwa kupiga gita kupitia simu, achana navyo, na sababu ndiyo hii inayofuata.

Uchelewesho: adui asiyeonekana

Unapogonga uzi, sauti inaingia katika adapta, inapita kwenye programu ya simu, inarudi masikioni. Safari hiyo inachukua muda. Sauti hewani inakimbia karibu mita 343 kwa sekunde moja. Maana yake uchelewesho wa milisekunde 10 ni sawa na kusimama mita tatu na nusu mbali na ampli. Hiyo mpiga gita anaivumilia. Ikifika milisekunde 30 au 40, vidole vinaanza kujikanyaga. Bluetooth mara nyingi inapita milisekunde 100. Hapo hakuna anayeweza kushika mpigo wa rumba, hata fundi.

Uchelewesho hautoki kwenye adapta peke yake; simu pia inachangia. Simu za iPhone zimekuwa na sifa nzuri upande huu tangu zamani. Upande wa Android inategemea aina ya simu: zingine ziko haraka, zingine zinachelewa hata ukiweka adapta ya bei kali. Ndiyo maana ushauri wa rafiki mwenye simu tofauti na yako hautoshi. Adapta inayotembea vizuri kwake inaweza kukusumbua wewe.

Jua simu yako kwanza

Kama simu yako ni Android, iwe na toleo la 5.0 au la juu zaidi, lile lilitoka mwaka 2014, ndipo mfumo wenyewe unatambua sauti ya USB. Kisha simu iwe na uwezo wa OTG, yaani uwezo wa kuongoza kifaa kingine kupitia tundu la kuchajia. Kuujua ni rahisi: chukua kipande cha OTG, chomeka kle ya USB. Simu ikifungua yaliyomo ndani ya kle, ni dalili nzuri. Kwenye simu zingine OTG imefungwa, lazima uifungue katika mipangilio.

Kama ni iPhone, angalia mwaka wake. Kuanzia iPhone 7 ya mwaka 2016, tundu la ekutere limeondolewa. Zinatumia tundu la Lightning. Kuanzia iPhone 15 ya mwaka 2023, zinatumia USB-C. Adapta ya Lightning haiingii kwenye USB-C, kwa hiyo anayepanga kubadilisha simu karibuni afikirie hilo.

Usisahau umeme. Adapta ya USB inakunywa batri ya simu. Zile kubwa za studio zinaweza kutaka umeme kuliko simu inavyoweza kutoa, na hapo simu inaikataa. Kwa sisi tunaochajisha kwa sola au kwa kulipa kwenye nyumba ya kuchajisha simu, adapta ndogo inayotumia umeme kidogo inafaa kuliko kubwa yenye matundu mengi usiyoyahitaji.

Jaribu kabla ya kulipa

Nenda dukani na gita yako, kabli yako, simu yako na ekutere zako. Muuzaji akikataa ujaribu, tafuta mwingine. Fanya hivi:

1. Weka simu katika hali ya ndege, ili mtu asikupigie katikati ya jaribio.
2. Unganisha adapta na gita, fungua programu ya kunasa sauti, anza kunasa.
3. Piga nyuzi kidogo. Kisha acha kupiga, kwaruza kwa ukucha karibu na mikro ya simu.
4. Sikiliza. Ukisikia ukwaruzaji kwa nguvu na gita kwa mbali, simu haijaitambua adapta. Inanasa kwa mikro yake. Ukisikia gita peke yake, imeshika.
5. Piga kwa nguvu nyuzi zote sita. Sauti ikikwaruza hata ukipunguza kitufe cha adapta na cha gita, weka chini.
6. Tikisa fishi polepole. Ikikata-kata ikiwa mpya, baada ya mwezi itakuwa imekufa.

Mambo yanayoua simu

Nyuma ya ampli kuko tundu la kutolea sauti kwenda kwenye baffle. Usiunganishe hilo na adapta hata siku moja. Umeme unaotoka pale ni wa kusukuma spika. Unaweza kuchoma adapta na simu pamoja. Kutoka kwenye meza ya sono ya kanisa inawezekana, lakini anza na sauti chini kabisa, kisha pandisha polepole.

Jambo lingine: usipige huku simu ikiwa kwenye chaja ya jenereta au ya ukuta. Chaja nyingi za bei ndogo zinaingiza mvumo ndani ya sauti. Na mahali ambapo waya wa ardhi haukuwekwa vizuri, mpiga gita anayegusa nyuzi na mikro ya kuimbia kwa wakati mmoja anaweza kupigwa na umeme. Chajisha kwanza, kisha chomoa, ndipo upige. Mvumo ukiisha ulipochomoa chaja, ujue chanzo hakikuwa gita.

Programu za kutumia

Kwa iPhone, GarageBand ya Apple ni ya bure na iko na ampli za kuiga ndani yake. BandLab ni ya bure pia, na inapatikana kwa Android na iPhone. AmpliTube iko na sehemu ya bure na sehemu za kununua. Programu hizi ni nzito. Zipakue mahali penye Wi-Fi, la sivyo zitamaliza megabaiti zako.

Kwa kifupi

Kwa mazoezi ya usiku bila kusumbua majirani, sauti safi, simu yenye tundu la ekutere: adapta ya jaki ndogo inatosha. Kwa kunasa wimbo wa korali au demo ya orkestra: tafuta ya USB yenye tundu la ekutere. Kwa kupiga mbele ya watu: usitegemee simu peke yake, pedali ni salama zaidi.

Na kama pesa haijapatikana, lakini kanisani kuko ampli, weka simu karibu mita moja mbele yake, mbali na upepo na mlango, nase kwa mikro ya simu, usikilize, usogeze kidogo, ujaribu tena. Sauti haitakuwa ya studio, lakini wimbo hautapotea. Ni bora kungojea miezi miwili ukinasa hivyo kuliko kununua leo kipande cha chuma ambacho simu haitakisikia.