Kutoka Kamoto mpaka Kalando: kuanguka kwenye machimbo ya Lualaba

Ninyi jamaa mliohamishwa mitaa yenu kwa ajili ya madini, leo tuangalie nyuma. Hapa Lualaba, tukisikia watu wameanguka machimboni, tunasema haraka: ni bahati mbaya, ni mvua, ni ukaidi wa wachimbaji. Historia inaonyesha mambo mengine.

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Serikali ilitwaa mali zake mwanzoni mwa 1967, na kiisha ikazaliwa Gécamines. Kazi ilikuwa ngumu, lakini mfanyakazi alikuwa na namba yake, kofia yake ya usalama, na hospitali ya kampuni. Akianguka, kulikuwa na mkubwa wa kuulizwa.

Kule Kamoto, chini ya ardhi, wafanyakazi waliacha nguzo za mwamba ili zishike dari. Mwezi wa Septemba 1990, sehemu kubwa ya mgodi huo ilibomoka. Gécamines ilikuwa imekwisha kuchoka: katikati ya miaka ya 1980 ilitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka, lakini kufikia 1994 hazikufika hata 40,000. Mishahara ikakatika. Miaka ya 1992 na 1993, familia nyingi zenye asili ya Kasai zikafukuzwa Kolwezi na Likasi. Wengi walilala kwenye stesheni wakingoja treni, na wengine hawakufika safari yao.

Kampuni ilipodhoofika, watu walishika chepeo na nyundo. Sheria ya madini ya 2002 iliwakubali wachimbaji wa mikono, lakini ndani ya maeneo yaliyotengwa kwa ajili yao. Kanuni zikasema shimo lisipite mita 30. Maeneo hayo yalikuwa machache, na mengi hayakuwa na madini mazuri. Hivyo watu walikwenda penye madini, si penye ruhusa.

Mwaka 2014, kobalti ilionekana chini ya nyumba za Kasulo, na mashimo yakachimbwa ndani ya viwanja na hata ndani ya nyumba. Mwaka 2017, mamia ya familia walihamishwa na eneo likazungushiwa ukuta. Ninyi mnaojua uchungu wa kuacha nyumba mnaelewa: mtu hachimbi chini ya kitanda chake kwa kupenda hatari.

Tarehe 27 Juni 2019, ngazi za udongo zilibomoka kwenye mgodi wa KOV, ndani ya eneo la Kamoto Copper Company. Walitajwa wafu 43. Kampuni ilisema walikuwa wameingia bila ruhusa. Ni kweli, lakini mtu asiye na ruhusa naye anakufa, na mjane wake hana mlango wa kubisha. Sheria ya kazi, nayo ya 2002, inamlinda mtu mwenye mwajiri. Mchimbaji ana mnunuzi tu, na mnunuzi anapima mfuko, hapimi shimo.

Kiisha tukaona Kalando, upande wa Mulondo, tarehe 15 Novemba 2025. Watu walikuwa wamekatazwa kuingia kwa sababu ya mvua. Daraja la kienyeji juu ya mtaro uliojaa maji lilivunjika, na mkubwa wa jimbo akahesabu wafu wasiopungua 32. Ripoti ya SAEMAPE, ofisi ya serikali inayosaidia wachimbaji hao, ilisema milio ya risasi za askari iliwatia watu hofu wakakimbilia darajani.

Tazameni: nguzo, ngazi ya udongo, daraja. Vitu vitatu mbalimbali, lakini swali ni moja: nani alikuwa na kazi ya kuvikagua? Kamoto alikuwako, akadhoofika. KOV na Kalando, kila mmoja alimwonyesha mwenziwe kidole.

Tangu marekebisho ya 2018, sheria inamtaka mchimbaji awe ndani ya kooperativa. Basi, mama, baba, kijana akitoka asubuhi, mwulizeni: kooperativa yako ni ipi? Jina lako limeandikwa wapi? Nani amekagua shimo tangu mvua ya jana? Na wakubwa tuwaulize maeneo yenye madini kweli yako wapi. Katazo bila mahali pengine pa kula halijamzuia mtu hata siku moja.