Azumanga Daioh na kalenda ya shule

Msimulie mtu Azumanga Daioh, atakuuliza: sasa stori iko wapi? Swali la haki. Chiyo ana miaka 10 tu lakini akili zimemrusha hadi sekondari ya juu. Sakaki anapenda paka, paka wanamng'ata. Mwalimu Yukari anachelewa shuleni kama mwanafunzi. Basi. Hakuna vita wala jini (wale wa Naruto mnisamehe), na mapenzi yenyewe utayatafuta kwa tochi.

Asili yake ni gazetini. Mwaka 1946, Japani ikiwa bado inaokota vipande vya vita, Machiko Hasegawa alianza kuchora Sazae-san: picha nne zinazoshuka, ya mwisho ndiyo inakuchekesha. Mambo ya nyumbani tu, jikoni na kwa majirani. Anime yake ipo hewani tangu 1969, na Katsuo, mdogo wake Sazae, mpaka leo yuko shule ya msingi. Zaidi ya nusu karne, mtoto hajavuka darasa!

Kiyohiko Azuma alichukua picha zilezile nne mwaka 1999, akazipeleka kwenye jarida la kila mwezi, Dengeki Daioh. Ila yeye aliiacha kalenda itembee. Sekondari ya juu ya Kijapani ni miaka mitatu, kila mwaka unaanza Aprili na kuisha Machi. Katuni yake nayo ilikwenda hadi 2002, sura zikibeba majina ya miezi. Msomaji aliyeingia sekondari pamoja na Chiyo alimaliza pamoja naye. Ndiyo maana vichekesho vile vyepesi vinauma kidogo: safari ya ufukweni ya kiangazi ni ya tatu, na ya nne haipo.

Waliofuata waliishika siri hiyo, wengine nusu nusu. K-On! ya Kakifly, kwa maoni yangu, ina keki na chai kupita kiasi. Lakini Naoko Yamada, aliyeongoza anime yake pale Kyoto Animation, alijua uzito uko kwa Azusa, gitaa wa bendi aliye mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Msimu wa pili, 2010, wanne wanahitimu. Azusa anawaomba wasihitimu, analia. Wao wanampigia wimbo waliomtungia, yeye peke yake akiwa msikilizaji, na Aprili inayofuata atarudi kwenye chumba kilekile bila wao.