Mkongo ulipopita kwetu Muleba

Semina imeahirishwa, nipo hapa nje ya maktaba, basi niwape kahistoria kadogo ka kwetu Kagera kabla chaji haijakata.

Mwaka 2010 kaka yangu alitakiwa kujaza maombi ya chuo mtandaoni. Muleba hakupata pa kujazia, akapanda gari mpaka Bukoba, kilomita kama 70, kwenye intaneti kafe yenye dishi juu ya bati. Analipia nusu saa, ukurasa unafunguka nusu. Ukikata, anza upya, lipa upya. Siku ya kwanza alirudi mikono mitupu na nauli imekwisha.

Mimi miaka yote nilidhani kompyuta zao ndizo mbovu. Kumbe tatizo lilikuwa njia yenyewe. Setilaiti za namna ile hukaa kilomita kama 36,000 juu ya ikweta. Ombi lako linapanda na kushuka, jibu nalo linapanda na kushuka: karibu kilomita 144,000, yaani nusu sekunde hivi hata ukiwa peke yako. Na ukurasa mmoja ni maombi na majibu mengi ya kupokezana. Halafu kafe nzima mnagombea dishi moja!

SEACOM ilikuwa imeshafika Dar tangu Julai 2009, EASSy ikafuata 2010. Lakini Dar si Bukoba jamani. Kuileta ile neema bara ilikuwa kazi ya Mkongo wa Taifa, ulioanza kujengwa 2009, ukaja kupita Biharamulo, Bukoba, hadi Mutukula mpakani na Uganda. Mwanga ndani ya uzi wa kioo unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Bukoba kwenda Dar na kurudi haifiki hata sehemu ya kumi ya sekunde.

Sasa Muleba ipo katikati ya Biharamulo na Bukoba, ila kupitiwa na bomba si kuchota maji. Kijijini kwetu intaneti ilikuja kwa mnara wa simu, sio kwa waya, na mvua ikinyesha umeme ukakatika mnajua wenyewe.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zikakatika baharini, karibu nchi nzima ikakwama. Nilikuwa na kazi ya kutuma usiku ule. Nikampigia kaka simu ya kawaida kulalamika. Akacheka sana. "Angalau wewe hujalipa nauli."