Kristo Mhenga na mashujaa wa Songea: kazi ya Profesa Charles Nyamiti

Mwaka 1984 shirika la uchapishaji la Mambo Press la Gweru, Zimbabwe, lilitoa kitabu Christ as Our Ancestor cha padri Mtanzania, Charles Nyamiti, profesa wa teolojia. Hoja yake kuu ni kwamba Mwafrika anaweza kumwelewa Kristo kama Mhenga wake, tena kwa maana kamili kuliko wahenga wengine wote. Tangu hapo kitabu hicho kimesomwa seminarini na vyuoni kama zoezi la wasomi, na waliokipinga mara nyingi wamesema ni fikra za darasani zisizogusa ardhi. Naona hukumu hiyo si ya haki, na ushahidi upo Songea. Swali alilolishughulikia Nyamiti lilikwisha kuulizwa hapa, kwa moto na kwa kamba ya kunyongea, karibu miaka 80 kabla kitabu hakijatoka.

Wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani walianzisha misheni ya Peramiho, karibu na Songea, mwaka 1898, wakiongozwa na Padri Cassian Spiss. Waliingia katika nchi ya Wangoni, ambako nkosi hakuwa mtawala wa watu walio hai peke yao. Alikuwa pia mlinzi wa mahoka, yaani roho za waliotangulia, zilizotunziwa kibanda chao, zikapelekewa tambiko na kuombwa ushauri wakati wa shida. Miaka michache kabla ya Vita vya Majimaji dhidi ya utawala wa Wajerumani, Padri Francis Leuthner alikichoma moto kibanda cha mahoka cha Nkosi Mputa Gama. Kwa mmisionari yule, hiyo ilikuwa kazi ya kuondoa upagani. Kwa Mputa, ulikuwa uvamizi wa nyumba ya baba zake, uliofanywa na mgeni chini ya ulinzi wa bendera ya Kijerumani. Agosti 1905 Spiss, ambaye sasa alikuwa askofu, aliuawa na wapiganaji karibu na Liwale pamoja na wenzake wanne, na baada ya wiki chache Peramiho nayo ikateketezwa. Kisha ikaja Februari 1906. Wazee na viongozi zaidi ya 60 walinyongwa na Wajerumani mjini Songea na kufukiwa, wengi wao katika kaburi moja. Ni hao wanaokumbukwa kila tarehe 27 Februari.

Kabla ya kunyongwa, wafungwa wengi walibatizwa na Padri Johannes Häfliger. Mtu anaweza kusema kwamba ubatizo ule ulimaliza shauri: walikubali imani mpya, basi habari ya mahoka ikafungwa. Lakini kumbukumbu za wamisionari wenyewe zinaonyesha kwamba Mputa, mmoja wao, alipokea maji ya ubatizo huku bado akiwa na uchungu wa kibanda chake kuchomwa. Ukweli huo una uzito kuliko kurasa nyingi za nadharia. Ndani ya mtu mmoja, siku za mwisho za uhai wake, imani katika Kristo na uaminifu kwa baba zake vilikaa pamoja, na hakuna padri aliyekuwa na neno la kuviunganisha. Teolojia ya wakati ule haikuwa nalo. Ilijua kubatiza, na ilijua kuchoma.

Neno hilo ndilo alilolitafuta Nyamiti. Alizaliwa mwaka 1931 huko Ndala, katika nchi ya Wanyamwezi, akasoma Kipalapala, kisha akapata shahada ya udaktari wa teolojia Louvain, Ubelgiji, mwaka 1969. Alisomea pia muziki, na huko Vienna akajifunza elimu ya mila na tamaduni za watu. Baadaye alifundisha Kipalapala, na kwa miaka mingi alikuwa profesa katika taasisi ya Nairobi ambayo sasa ni Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki. Njia yake ilikuwa ya subira. Alikusanya kwanza yale ambayo jamii nyingi za Kiafrika husadiki kuhusu mhenga: ana undugu wa damu na walio hai, kifo kimempa hadhi takatifu na uwezo usio wa kawaida, ni mpatanishi wao na Mungu, ni kielelezo cha mwenendo mwema, na anastahili kukumbukwa kwa sala na sadaka. Ndipo akamweka Kristo mbele ya vipimo hivyo, akaonyesha kwamba vyote vinatimia kwake na kuzidi. Hakuishia hapo. Alithubutu kusema kwamba hata ndani ya Utatu Mtakatifu, Baba ni Mhenga na Mwana ni Mzawa wake, bila kifo kuhitajika. Ni ujasiri mkubwa kuchukua kilichoitwa ushirikina na kukipeleka hadi katika kiini cha fumbo la Mungu.

Wapo wanaouliza: Kristo alikuwa Myahudi wa Nazareti, hakuacha mtoto wala ukoo, atakuwaje mhenga wa Mngoni au Mmatengo? Nyamiti alilitazamia swali hilo, na ndiyo sababu hakumwita Kristo mhenga kwa ubaba bali kwa ukaka. Kaka aliyetangulia kufa naye ni mhenga wa wadogo zake, na undugu wetu na Kristo unatoka kwa Adamu upande wa ubinadamu na kwa Baba wa mbinguni upande wa neema. Wengine wanahofu kwamba mlango huu utaingiza tambiko kanisani kinyemela. Hofu yao si ya kupuuzwa, maana mahoka huogopwa pia, na hofu si ibada. Hata hivyo, mwaka 1988 Roma iliidhinisha utaratibu wa Misa kwa majimbo ya Zaire, ambamo wahenga wenye moyo mnyofu hutajwa pamoja na watakatifu. Kanisa lile lile lililowahi kuchoma kibanda limewapa wahenga nafasi altareni.

Pingamizi zito zaidi lilitoka kwa Jean-Marc Ela, padri na mwanateolojia wa Kameruni, aliyeona kwamba teolojia inayoshughulika na wafu inaweza kuwasahau wakulima walio hai wanaonyonywa. Lawama hiyo inamgusa Nyamiti kweli. Mhenga wake ni mzee aliyekufa kifo chema, akazikwa kwa heshima, watoto wakimzunguka. Kurasa zake hazina mti wa kunyongea. Lakini historia ya Songea inamrekebisha Ela pia, kwa sababu inaonyesha kwamba hapa habari ya wahenga haikuwa kukimbia siasa. Aliyechoma kibanda cha mahoka aligusa mamlaka ya nkosi na heshima ya watu wake, nao walielewa hivyo, wakashika silaha. Hata leo madai yanayotoka Songea kwenda Berlin ni madai ya wahenga. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha mjini Songea, mbele ya ukoo wa Chifu Songea Mbano, naye aliyenyongwa na Wajerumani, ukoo ambao bado unatafuta mabaki ya mzee wao. Kwa Wakatoliki siku hiyo ni sikukuu ya Watakatifu Wote.

Kwa hiyo kazi iliyobaki ni kuiendeleza hoja ya Nyamiti mahali alipoiachia. Yeye aliwahesabu watakatifu wa mbinguni na roho za toharani kuwa wahenga wetu ndani ya Kristo. Je, Mputa, aliyebatizwa na uchungu wake na kufa kwa kamba ya serikali, hana nafasi humo? Kristo mwenyewe alihukumiwa na dola ya kigeni, akauawa hadharani, akazikwa katika kaburi lisilo la ukoo wake. Nyamiti angeanzia kwenye kifo hicho badala ya kuanzia kwenye hadhi ya mzee aliyelala salama, angewafikia waliolala Songea kwa hatua moja. Kazi hiyo inawafaa mafrateri wa Seminari Kuu ya Mtakatifu Agustino, Peramiho, wanaosoma teolojia mwendo mfupi tu kutoka kaburi lile. Na ifanywe kwa Kiswahili. Vitabu vikuu vya Nyamiti viliandikwa kwa Kiingereza, na katekista wa kijijini, ambaye ndiye anayeulizwa maswali ya mahoka msibani, hana namna ya kuvisoma, ilhali Peramiho ina kiwanda chake cha uchapaji.