Wanaowauguza askari wa zamani nchini Marekani: Safari ndefu ya kutambuliwa

ASKARI anapojeruhiwa vitani, serikali humpa matibabu na pensheni. Lakini anaporudi nyumbani akiwa hawezi kujivika nguo, kula au kukaa peke yake bila hatari, mzigo humwangukia mkewe, mumewe au mzazi wake. Wengi wao hulazimika kuacha kazi, na hapo familia hupoteza mishahara miwili kwa wakati mmoja.

Nchini Marekani, utafiti wa taasisi ya RAND uliotolewa mwaka 2014 ulikadiria kuwa watu milioni 5.5 walikuwa wakiwahudumia wanajeshi na wastaafu wa jeshi wenye majeraha au maradhi. Kati yao, milioni 1.1 walikuwa wakiwahudumia waliotumikia jeshi baada ya Septemba 11, 2001.

Hatua kubwa ya kwanza ilichukuliwa Mei 5, 2010, Rais Barack Obama alipotia saini sheria iliyoiagiza Wizara ya Masuala ya Wanajeshi Wastaafu (VA) kuwasaidia ndugu hao. Mpango huo ulioanza mwaka 2011 unatoa posho ya kila mwezi, mafunzo, ushauri nasaha, bima ya afya kwa asiyekuwa nayo, na angalau siku 30 kwa mwaka za kupumzishwa, ambapo mtu mwingine hushika zamu.

Hata hivyo, sheria hiyo iliwahusu waliojeruhiwa tangu Septemba 11, 2001 pekee. Mke aliyemuuguza askari wa Vietnam kwa miaka 40 hakupata posho hata senti moja, ingawa kazi yake ilikuwa ile ile.

Kasoro hiyo ilirekebishwa na Sheria ya MISSION, iliyotiwa saini na Rais Donald Trump Juni 6, 2018. Utekelezaji ulichelewa kwa sababu mfumo wa kompyuta haukuwa tayari. Oktoba 1, 2020 waliingizwa waliojeruhiwa hadi Mei 7, 1975, na Oktoba 1, 2022 mlango ukafunguliwa kwa askari wa vipindi vyote.

Lakini masharti nayo yalikazwa. Askari sharti awe na ulemavu wa kiwango cha asilimia 70 au zaidi uliotokana na utumishi, na ahitaji uangalizi wa ana kwa ana kwa miezi sita mfululizo au zaidi. Posho hukokotolewa kwa kufuata mshahara wa ngazi ya chini serikalini katika eneo husika: wengine hulipwa asilimia 62.5 yake, na wenye mzigo mzito zaidi hulipwa yote. Familia nyingi zilizokuwa zikinufaika zilijikuta katika hatari ya kuondolewa, hadi wizara ilipositisha hatua hiyo mwaka 2022.

Haki ya kukata rufaa ilipatikana mahakamani. Aprili 2021, Mahakama ya Rufaa ya Madai ya Wanajeshi Wastaafu iliamua kuwa uamuzi wa kumnyima mtu huduma hizo unaweza kupingwa mbele ya Bodi ya Rufaa.

Januari 2, 2025, Rais Joe Biden alitia saini sheria yenye jina la aliyekuwa seneta, Elizabeth Dole. Imeongeza kiwango cha juu cha gharama za huduma ya nyumbani kutoka asilimia 65 hadi 100 ya gharama za kumtunza askari katika kituo cha wazee na wagonjwa.

Linalohitajika zaidi sasa ni uhakika. Aliyeacha ajira ili amuuguze mumewe hawezi kupanga maisha ikiwa posho yake inaweza kukatwa kila kanuni zinapobadilika.