Kitovu Kisichokauka: Urakasi na Upasuaji Kandokando ya Ghuba ya Mwanza

Urakasi ni mrija mwembamba unaokiunganisha kibofu cha mkojo cha kijusi na kitovu, ambao kwa kawaida huziba kabla ya mtoto kuzaliwa na kubaki kama uzi mgumu usio na kazi. Usipoziba kabisa, mkojo hutokea kitovuni. Ukiziba ncha zote mbili na kubaki wazi katikati, hufanyika kifuko cha majimaji kinachoweza kukaa kimya kwa miaka mingi hadi kitunge usaha.

Kwa mama wa Kamanga, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, kudhani kwamba kidonda cha kitovu kimechelewa tu kupona hakukuwa ujinga, kwa kuwa kitovu kinacholowa mara nyingi hutokana kweli na maambukizi ya kawaida au na kinyama kilichobaki baada ya kitovu kudondoka. Ugumu wa maradhi haya, tangu mwanzo, umekuwa katika kuyatambua zaidi kuliko katika kuyapasua.

Upasuaji wenyewe ni wa zamani. Mfaransa Barthélemy Cabrol anatajwa kuwa alimtibu mwaka 1550 msichana aliyekuwa akitokwa na mkojo kitovuni, akaanza kwa kuizibua njia ya chini iliyozibwa na utando, ndipo akaufunga mrija wa juu. Mpangilio huo ungali na maana, kwani daktari huchunguza kwanza kama mkojo unapita vizuri chini, hasa kwa watoto wa kiume, ambao vikunjo vya ndani vinaweza kuuzuia.

Hospitali ya Bugando mjini Mwanza ilipofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima cha jina hilo, ikawa kituo cha rufaa cha mikoa ya ziwa. Njia ya uchunguzi iliyozoeleka enzi hizo ilikuwa kupitisha dawa kitovuni au kibofuni na kupiga picha ya eksirei. Ultrasaundi, ambayo Ian Donald na wenzake waliitangaza Glasgow mwaka 1958, ilikuja kukionyesha kifuko bila kumchoma mgonjwa. Kwa mtu mzima wa Kanda ya Ziwa kulikuwa na mtego mwingine: damu katika mkojo huko humfanya mtu awaze kichocho kwanza, na pengine ni haki, lakini saratani adimu ya mabaki ya urakasi nayo huanza kwa damu hiyo hiyo.

Kifuko chenye usaha hunyonywa kwanza na mgonjwa hupewa dawa za kuua bakteria. Baadaye mrija wote huondolewa pamoja na kipande cha kibofu unapoanzia, kwa kuwa mabaki huweza kuugua tena, kisha kibofu hushonwa kwa nyuzi zinazoyeyuka na mgonjwa huwekewa mpira wa mkojo kwa siku kadhaa.

Siku hizi mtoto aliye chini ya miezi sita, asiye na maambukizi, huweza kuachwa bila kisu, kwani baadhi ya mirija hujiziba yenyewe. Uamuzi huo hufaa pale tu mtoto anaporudishwa kliniki mara kwa mara, jambo ambalo kwa watu wa Sengerema, wilaya ilimo Kamanga, lilitegemea kivuko hadi daraja la Kigongo–Busisi lilipozinduliwa Juni 2025. Kwa Kamanga yenyewe, iliyo mkabala na jiji, njia fupi ya kwenda Bugando bado ni maji.