Mkate wa Usiku kule Thebe: Wema kwa Jirani na Mgeni katika Historia ya Kanisa

Utangulizi

Historia ya Kanisa, kama ifundishwavyo katika vyuo vyetu, hufuata kwa kawaida njia ya mitaguso, maaskofu na mabishano juu ya mafundisho. Mwanafunzi hujifunza habari za Nikea mwaka 325 na za Kalkedoni mwaka 451, naye hufanya vema. Hata hivyo yako matendo mengine yaliyolijenga Kanisa, ambayo watendaji wake hawakuandikwa majina yao popote. Makala hii inachunguza tendo moja la namna hiyo, lililotendeka katika bara letu mwanzoni mwa karne ya nne, na kufuata swali linalotokana nalo hadi katika nyakati zetu. Swali lenyewe ni hili: Je, Mkristo anapaswa kujua kwanza kama mtu anastahili wema, ndipo amtendee?

Swali hili huulizwa kila mgeni anapobisha hodi jioni katika nyumba zetu. Sisi wa Tanzania tuliulizwa kwa uzito wa pekee mwaka 1994.

Askari waliofungiwa Thebe

Yapata mwaka 312 au 313 kijana mmoja wa Misri ya Juu, jina lake Pakomio, alichukuliwa kwa nguvu kutiwa katika jeshi la Kirumi. Wazazi wake walikuwa wapagani. Yeye na wenzake walisafirishwa kwa mashua katika mto Nile, na walipofika Thebe walifungiwa gerezani ili wasitoroke. Jioni ile baadhi ya watu wa mji walikuja wakiwa na mkate na vyakula vingine, wakawasihi vijana hao wale. Pakomio akashangaa, akauliza ni watu gani hao wanaowahurumia wasiowajua. Akajibiwa kwamba ni Wakristo, na kwamba huwatendea watu wote wema kwa ajili ya Mungu wa mbinguni. Usiku huohuo aliomba kwa Mungu ambaye bado hakumfahamu, akaahidi kwamba akifunguliwa atawatumikia wanadamu.

Habari hizi zimo katika wasifu wake ulioandikwa na wanafunzi wake baada ya kifo chake, nao waliandika kwa upendo wa wana kwa baba yao. Msomaji azipokee akikumbuka jambo hilo. Lakini yaliyofuata yanajulikana vema. Pakomio alifunguliwa, akabatizwa katika kijiji cha Sheneseti, na huko akawatumikia wanakijiji walipopatwa na maradhi, akiwakatia kuni na kuwapelekea. Yapata mwaka 323 alianzisha huko Tabenisi jumuiya ya watawa wanaoishi pamoja, wanaofanya kazi pamoja na kula pamoja. Alipofariki mwaka 346, wakati wa tauni, ziliachwa nyumba tisa za wanaume na mbili za wanawake chini ya uongozi wake. Utawa wa pamoja katika Ukristo, wa mashariki na wa magharibi, una deni kubwa kwake. Naye alikuwa na deni kwa watu wa Thebe wasiojulikana majina.

Hapa inatupasa tuangalie jambo ambalo mara nyingi hupitwa. Mateso yaliyoanza chini ya Kaisari Diokletiano mwaka 303 yalikuwa makali mno katika Misri ya Juu; Eusebio wa Kaisaria, mwanahistoria wa Kanisa, aliyashuhudia kwa macho yake. Petro, askofu wa Aleksandria, aliuawa mwaka 311, yaani mwaka mmoja au miwili tu kabla ya usiku ule. Basi Wakristo wa Thebe walipowaona vijana waliofungwa, waliona pia askari wa kesho wa dola ileile iliyowaua ndugu zao. Mtu mwenye busara ya kawaida angeweza kusema, "Hawa wakishiba leo, kesho watatugeukia." Wao walileta mkate. Hawakuuliza kijana huyu atakuwa nani kesho, wala hawakuweza kujua. Agizo la Mtume Paulo kuhusu adui mwenye njaa (Rum. 12:20) lilitimizwa gerezani, bila mahubiri marefu.

Karthago na Aleksandria wakati wa tauni

Watu wa Thebe hawakubuni desturi mpya. Miaka sitini hivi kabla yao, tauni kubwa iliikumba dola ya Kirumi, ikaenea Misri na Afrika ya Kaskazini. Ilifuata kwa karibu mateso ya Kaisari Desio ya miaka ya 249 hadi 251. Huko Karthago Askofu Sipriani alikusanya waumini, akawafundisha kwamba hakuna la ajabu katika kuwatunza watu wetu wenyewe tu, kwa kuwa hata wasioamini hufanya hivyo. Mwana wa Mungu humwiga Baba yake, ambaye jua lake huwaangazia wema na waovu. Shemasi wake Pontio anaeleza jinsi kazi ilivyogawanywa: wenye mali walitoa mali, na maskini wasio na kitu walitoa jasho lao, ambalo lilizidi mali kwa thamani. Yapata mwaka 253, watu wa Numidia walipotekwa na wavamizi, usharika wa Karthago ulichanga sesta 100,000 ili kuwakomboa.

Huko Aleksandria Askofu Dionisio aliandika kwamba wazee wa Kanisa, mashemasi na waumini wa kawaida waliwauguza wagonjwa, wakawaosha wafu, na wengi wao wakafa kwa ugonjwa uleule. Ni haki kukiri kwamba Dionisio alisema zaidi juu ya ndugu waliowauguza ndugu, na kwamba aliwachora wapagani kwa rangi nyeusi mno. Mchungaji anayelifariji kundi lake haandiki kama hakimu. Lakini hata tukipunguza sifa hizo, ushahidi mwingine unabaki. Katika barua iliyohifadhiwa kwa jina la Kaisari Juliani, aliyeiacha imani ya Kikristo na kutawala kuanzia mwaka 361 hadi 363, yamo malalamiko kwamba Wakristo huwalisha maskini wao na maskini wa wapagani pia. Sifa itokayo kinywani mwa mpinzani haihitaji kupambwa.

Wema unapogeuka kuwa nguvu

Hata hivyo historia hiihii inatuonya. Aleksandria ilikuwa na kundi la watu walioitwa parabalani, ambao kazi yao ilikuwa kuwahudumia wagonjwa chini ya askofu. Mwanzo wa kazi yao ulikuwa mwema. Lakini mwaka 416 wajumbe wa mji walipeleka malalamiko kwa Kaisari kwamba kundi hilo limekuwa tishio. Sheria ikatolewa kwamba idadi yao isizidi 500, na kwamba wasionekane katika maonyesho ya hadhara, katika baraza la mji wala mahakamani kama kundi. Mwaka 418 idadi hiyo iliongezwa kuwa 600, nao wakarudishwa chini ya mamlaka ya askofu.

Ilikuwaje wauguzi wakaogopwa? Kundi lililoandaliwa kumtumikia mgonjwa lilikuwa limeanza kumtumikia mkubwa wake. Mkono uliozoea kumwinua aliyeanguka ulijifunza kumwangusha aliyesimama. Haifai tuwahukumu kwa wepesi, kwa sababu kila idara ya Kanisa yenye fedha, magari na watumishi inakabiliwa na jaribu hilohilo. Diakonia inaweza kuwa njia ya kujipatia wafuasi, na gunia la mahindi linaweza kugawiwa kwa kuangalia nani alikaa upande wetu katika uchaguzi wa usharika. Hapo wema umekwisha kuuliza swali ambalo watu wa Thebe hawakuliuliza.

Wittenberg, 1527

Mlutheri atauliza: Kama wokovu ni kwa neema tu, kwa njia ya imani, matendo haya yana nafasi gani? Martin Luther alilijibu swali hili kwa kalamu, na pia kwa nyumba yake. Mwezi Agosti 1527 tauni iliingia Wittenberg. Chuo Kikuu kilihamishiwa Jena, na Mtawala Johann alimtaka Luther aondoke. Yeye alibaki pamoja na Johannes Bugenhagen, ingawa mkewe Katharina alikuwa mjamzito, na wagonjwa walihudumiwa nyumbani mwake. Mwaka huohuo aliwajibu wachungaji wa Breslau waliouliza kama ni halali kwa Mkristo kukimbia tauni.

Jibu lake halina majivuno. Alikubali kwamba asiyefungwa na wajibu aweza kwenda zake. Alihimiza watu watumie dawa na wajitenge inapobidi, maana kumjaribu Mungu si imani. Lakini mchungaji, mtawala, mtumishi na jirani wamefungwa kwa yule anayewahitaji, na hakuna ruhusa ya kumwacha mgonjwa asiye na mtu mwingine wa kumwangalia. Kwake Luther wema huu haumpatii mtu kitu mbele za Mungu, kwa kuwa yote yamekwisha kutolewa katika Kristo. Kwa sababu hiyohiyo mkono wa Mkristo uko huru. Hahitaji kumchagua maskini mwenye kustahili ili thawabu yake iwe salama. Mungu hana haja ya matendo yetu. Mwenye haja nayo ni jirani.

Rusumo na Arusha

Tarehe 28 Aprili 1994 watu zaidi ya 200,000 kutoka Rwanda walivuka mto Kagera katika daraja la Rusumo na kuingia wilaya ya Ngara kwa muda wa kama saa 24. Shirika la kuhudumia wakimbizi la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 kwa uhusiano na Fungamano la Kilutheri la Ulimwengu, lilikuwa miongoni mwa waliohudumu huko. Mashamba, miti na visima vya wenyeji vilibeba mzigo mzito hadi wengi wa wakimbizi hao waliporudishwa kwao mwezi Desemba 1996.

Hapa swali la Thebe lilirudi kwa sura ya kutisha. Katika umati ule walikuwamo mama na watoto, wazee na wagonjwa. Walikuwamo pia watu waliotoka kuwaua majirani zao. Mtu aliyetoa kikombe cha maji kando ya barabara hakuweza kuusoma moyo wa aliyekipokea. Je, alikosea?

Jibu letu ni hapana, ila kwa sharti moja: wema usichukue nafasi ya haki. Mwezi Novemba 1994 Umoja wa Mataifa uliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, ambayo makao yake yaliwekwa Arusha hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Miongoni mwa waliohukumiwa na mahakama hiyo walikuwamo hata watumishi wa makanisa. Mafundisho yetu juu ya tawala mbili za Mungu yanatusaidia kuelewa jambo hili. Hakimu huko Arusha alipaswa kuuliza, "Ulifanya nini?" Jirani huko Ngara alipaswa kuuliza, "Umekula?" Ole wa nchi ambayo hakimu hauliza swali lake, na ole wa usharika ambao jirani hujifanya hakimu.

Hitimisho

Wahenga wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Walijua kwamba baraka ya ugeni humfikia pia mwenye nyumba. Bwana wetu alisema zaidi ya hapo, alipojihesabu mwenyewe kuwa ndiye mgeni aliyekaribishwa au aliyefungiwa mlango (Mt. 25:31–46). Katika mfano ule wenye haki wenyewe hawakujua ni nani waliyemlisha.

Wakristo wa Thebe walirudi makwao usiku ule, na kwa kadiri tujuavyo hawakusikia tena habari za kijana Pakomio. Labda asubuhi walikuta mashua imekwisha kuondoka. Mkate ulikuwa umeliwa, na walikuwa na kazi zao za siku. Wachungaji na wainjilisti wanaoandaliwa katika vyuo vyetu watakwenda kwenye mitaa ambako hakuna atakayewauliza juu ya Kalkedoni. Lakini jioni moja mtu wasiyemjua atabisha hodi. Na wajue kwamba hapo nao wamo ndani ya historia ya Kanisa.